Kuku Mweupe wa Rodi Kopany: Maisha ya Zablon Mosoti, Mchoraji wa Mabango

Wachungaji wetu, wazee wa kanisa, majirani wa Rodi Kopany, wafanyabiashara mliofunga maduka yenu ili muwe hapa, na wageni mliotoka Homa Bay, Migori, Kendu Bay na Kisegi, familia imemtuma Mokaya, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya kaka yake tangu alipozaliwa hadi alipotutoka, na kwa kuwa karatasi ya namna hii humtaja kila mtu kwa jina lake, Mokaya naye amejiandika humu kwa jina kama wengine, hata pale ambapo angependa asitajwe. Tunawaomba waliokaa mwisho wa hema wasogee mbele kidogo, maana mvua ya wiki hii haiaminiki na spika tuliyoazima ni moja tu.

Marehemu Zablon Mosoti alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Nyamarambe, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa marehemu wazazi wetu, na mwaka wa 1979 baba aliihamisha familia hadi hapa Rodi Kopany, alikokuwa akileta ndizi na vyungu vya Kisii siku za soko, akanunua ploti hii tuliyosimama juu yake leo, na hapa ndipo Mokaya alipozaliwa mwaka uliofuata. Wengine wametuuliza kwa nini hatukumrudisha Nyamarambe kama desturi ilivyo, na jibu ni kwamba marehemu aliomba mwenyewe, akasema watu wanaomjua wako kando ya barabara hii, na mtu azikwe pale anapojulikana.

Alianza darasa la kwanza hapa hapa Rodi mwaka wa 1982, akamaliza darasa la nane mwaka wa 1989, na kitu ambacho wanafunzi wenzake wanakikumbuka kuliko alama zake ni siku alipochukua chokaa akaandika neno STOO kwenye mlango wa stoo ya shule, herufi kubwa zilizonyooka kama zimepimwa kwa rula, akachapwa viboko vinne mbele ya gwaride kwa kuharibu mali ya shule. Mwalimu mkuu alimwamuru afute, lakini kabla ya jioni wageni watatu walikuwa wamepita moja kwa moja hadi stoo bila kuuliza mtu, na mwalimu mkuu, ambaye kila siku alikuwa akikatizwa kazi yake na watu wanaouliza stoo iko wapi, akaacha maandishi yabaki. Alisoma sekondari hadi kidato cha pili, baba akafariki mwezi wa Agosti 1991, na masomo yakaishia hapo.

Mwezi wa Januari 1992 alienda Migori mjini kujifunza kazi kwa fundi mmoja mzee aliyeitwa Austine, mchoraji wa mabango ya bucha na vibao vya malori, mtu mkali aliyekuwa na sharti ambalo wanafunzi wengi walilikimbia, kwamba miezi sita ya kwanza hugusi brashi, unapewa kigoda, unaketi ng'ambo ya barabara kutazama duka moja kutoka asubuhi hadi jioni, kisha unarudi kumweleza fundi wapita njia wanatazama wapi. Mosoti aliketi miezi hiyo yote sita, akaona kwamba anayetembea kwenye tope hutazama chini, aliyebeba mzigo kichwani haoni kilicho juu ya paji lake, na anayepita ndani ya gari hupata muda wa kusoma maneno mawili tu, na siku alipokabidhiwa brashi alikuwa tayari anajua mahali pa kuiweka. Alimaliza mwaka wa 1996, fundi akampa kile kigoda, na kigoda hicho ndicho mnachokiona hapa karibu na jeneza.

Kazi yake tunaweza kuisoma hadi jua lizame, kwa sababu kwa karibu miaka thelathini alichora kuanzia Kisegi hadi Migori, maduka ya dawa, vinyozi, bucha, hoteli, shule za chekechea na hata makanisa mawili, na popote alipofika aliwahubiria wenye biashara habari ile ile, mara nyingi bila kuombwa. Aliwaambia kwamba biashara hujitambulisha kabla mwenyewe hajafungua mdomo, kwamba mteja asiyekujua hana kingine cha kukupimia isipokuwa anachokiona, kwamba ukichagua rangi zako mbili basi ziwe mlangoni, kwenye mfuko, kwenye risiti na kwenye aproni ya mfanyakazi, na kwamba mtu anayeiga rangi za jirani yake anamtafutia jirani wateja. Hakuwa na ulimi laini, wenyewe mnajua, na kuna bucha moja Kendu Bay alimwambia mwenyewe kwamba zile herufi nyekundu zinazochuruzika zinafanya watu wadhani ng'ombe alichinjiwa ukutani, akafukuzwa kwa kisu cha kukatia mifupa, kisha baada ya wiki moja yule mwenye bucha akamtumia mtu wa boda boda aje amchukue na rangi zake.

Hapa hemani yuko Mama Faduma, mfanyabiashara wa vitambaa wa Homa Bay, ambaye mwaka wa 2011 alikuwa mgeni aliyetoka Garissa, duka lake limebanwa katikati ya maduka mengine ya vitambaa yanayofanana, na ameturuhusu tuseme kwamba alikuwa ameanza kufunga mizigo arudi kwao. Mosoti aliketi kwenye kigoda chake mbele ya duka lile siku mbili nzima, hata mume wa Mama Faduma, Bwana Abdullahi, akaanza kumshuku kwamba ni mtu wa kanju, yaani askari wa baraza la mji, halafu siku ya tatu akaliacha bango la juu kama lilivyo, akapaka ngazi ya mlangoni rangi ya manjano na fremu ya mlango kijani kibichi, kwa sababu alikuwa ameona kwamba wanawake wote wanaopita pale wanatazama mtaro wasije wakatumbukia. Mama Faduma anasema kuanzia mwezi ule wateja walianza kuelekezana hadi Mbita kwamba vitambaa viko kwa ngazi ya manjano, na mifuko yake ikawa kijani na manjano, na muhuri wake pia, na hajawahi kubadilisha mpaka leo, ingawa wapo waliofika kumpa rangi nyingine bure.

Marehemu alifunga ndoa na Emmah hapa Rodi siku ya Jumapili tarehe 12 Desemba 1999, na Mungu akawajalia watoto wawili, Beverly aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2001, na Austine aliyezaliwa tarehe 20 Septemba 2006, akapewa jina la yule fundi wa Migori. Alikuwa baba wa kukaa nyumbani siku ya Sabato na kufundisha herufi kwa mkaa kwenye kuta za jikoni, na Emmah, ambaye alilalamika miaka yote kwamba jiko lake linafanana na ubao wa darasani, tangu juzi amemkataza mtu yeyote kupaka chokaa mle ndani.

Mwaka wa 2016 Mokaya alifungua duka lake la jumla na rejareja hapa kwenye barabara ya Rongo, na kaka yake akalifanyia duka hilo kazi ya wiki tatu bila kutaka kitu, akapaka ukuta wa mbele buluu nzito, na juu yake akachora kuku mmoja mkubwa mweupe amesimama kwenye gunia, jicho limegeuzwa linamtazama anayekuja. Mokaya alipinga, akasema yeye hauzi kuku, na Mosoti akamjibu kwamba watu wa Rodi hawatafuti anachouza, wanamtafuta yeye, na ni lazima wawe na kitu cha kushika akilini. Haukupita mwezi kabla duka halijaitwa Gweno Marachar, yaani kuku mweupe kwa Kijaluo, makondakta wakawa wanashusha watu kwa kuku, wanaharusi wakapanga kukutana kwa kuku, akina mama wa zahanati wakawaambia wagonjwa wapinde kona kwa kuku, na biashara ya Mokaya ikashika kwa miaka sita kuliko alivyostahili.

Tarehe 8 Novemba 2022, Mosoti akiwa Kisegi akichora zahanati, gari la kampuni moja ya sabuni lilifika Rodi, likaja na vijana wenye ngazi na mashine za kupulizia rangi, wakasema watapaka kila duka bure, rangi ya chungwa na jina la sabuni kwa herufi nyeupe, na mwenye duka atapewa katoni kumi na rafu mpya. Maduka ishirini na mawili yalikubali siku hiyo, pande zote mbili za barabara, na Mokaya alikuwa wa tatu kutia sahihi, mkataba wa miaka minne, hadi Desemba 2026, na hakumpigia kaka yake simu, kwa sababu aliona ukuta ni wake na rangi ya buluu ilikuwa imeanza kupauka. Wale vijana walipomfikia kuku hawakutumia hata dakika tano. Jina la Mokaya waliliandika kwenye kona ya chini, dogo, mahali ambapo siku hizi magunia ya chumvi hulifunika.

Mosoti alirudi siku ya tatu, akashuka, akatembea akapita duka la mdogo wake bila kulitambua, hadi Liz, msichana anayeuza pale, alipomwita, na hapo akarudi akaketi kwenye kigoda ng'ambo ya barabara akalitazama mpaka jioni. Hakugomba, na jambo hilo lilimsumbua Mokaya kuliko ugomvi. Alipoinuka alisema jambo moja tu, kwamba barabara nzima sasa ina duka moja na milango ishirini na miwili, kisha akaenda nyumbani kula.

Kuanzia hapo kazi ilianza kukauka, maana aliyepakwa bure hamwiti fundi, na aliyetaka bango alienda mjini akachapiwa turubai kwa saa moja, picha ile ile ya keki ikining'inia kwa kinyozi na kwa fundi wa pikipiki, na mwaka mzima wa 2023 marehemu alipata kuta nne. Aliwafuata wenye maduka mmoja mmoja akawaonyesha kwamba wateja wanazurura, wanaingia hapa wakidhani ni pale, wanaondoka na hasira, na wenye maduka wakamsikiliza vizuri kwa sababu ni mtu wao, wakampa soda, wakaendelea kukaa ndani ya rangi ya chungwa. Emmah anasema usiku alikuwa anataja majina ya kuta zake zilizofutwa kama mtu anavyotaja wafu.

Kukohoa kulianza mwezi wa Februari 2023, na tarehe 19 Juni mwaka huo alilazwa katika hospitali ya Homa Bay, ambako daktari aliieleza familia kwamba mapafu yamejaa makovu kwa miaka mingi ya kuvuta hewa ya petroli na thina ya kuyeyushia rangi bila kufunika pua, na akamkataza kugusa rangi tena. Ukuta wake wa mwisho ulikuwa wa Mama Faduma, Agosti 2024, ngazi ile ile ya manjano iliyokuwa imechakaa, ambapo yeye aliketi mbali kwenye kigoda na Beverly akashika brashi, na Beverly anasema baba yake alimfutisha mstari mmoja mara saba.

Mwezi wa Julai mwaka huu alimwomba Mokaya kitu kimoja, na katika ugonjwa wote hakuomba kingine, kwamba amrudishe kuku, Beverly achore, yeye aelekeze, ili aone walau ukuta mmoja wake ukiwa hai kabla hajafunga macho. Mokaya alimjibu kwamba wangoje mkataba uishe, akamwambia mwaka mmoja na nusu si mrefu. Mokaya alikuwa anamwona kaka yake kila siku, alikuwa anasikia kifua chake kikilia kutoka chumba cha pili, na bado alimwambia mtu huyo kwamba mwaka mmoja na nusu si mrefu.

Siku ya Alhamisi tarehe 9 Oktoba, marehemu aliamka akiwa na nguvu kidogo, akachukua kigoda chake, kipande cha katoni na penseli, akaenda kuketi ng'ambo ya duka kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kazi yoyote, na Liz alipomuuliza anachora nini akamwambia anatafuta kuku atazame wapi sasa, kwa vile boda boda wamehamisha stendi. Saa tisa alasiri mvua kubwa ilishuka, kila mtu akakimbilia ndani, milango ikafungwa nusu, na Mosoti akavuka barabara akiwa amelowa, akaingia dukani, baridi ikamkamata kifua, akaanguka kando ya kaunta. Liz alimpigia Mokaya, ambaye siku hiyo alikuwa Migori akinunua bidhaa, na Mokaya akampigia Bwana Gisiri, dereva wa Probox aliyekuwa amefika tu njia panda ya Rodi, mwendo wa dakika mbili kutoka pale, akamwambia akimbie dukani ambebe kaka yake hospitalini.

Bwana Gisiri ni mtu wa Migori, hakuwa amewahi kupakua mzigo kwenye duka hilo, akauliza ni lipi. Mokaya akamwambia ni lile la rangi ya chungwa. Bwana Gisiri akajibu kwamba yote ni ya chungwa. Mokaya akasema lina maandishi meupe, akasema lina rafu mbele, akasema liko upande wa kushoto, kisha akasimama katikati ya Migori na simu sikioni akitafuta kitu kimoja ambacho duka lake linacho na mengine hayana, na hakukipata. Alimpa namba ya Liz, lakini Liz alikuwa amepiga magoti akimshikilia mgonjwa, na kwa mvua ile juu ya mabati hakuna simu ambayo ingesikika, wala honi. Bwana Gisiri alienda juu akarudi chini mara tatu, akashuka akagonga milango sita, akiwa amelowa hadi mifupani, na alipofungua mlango wa saba akamwona Liz sakafuni, dakika ishirini na tano zilikuwa zimepita.

Marehemu alikata roho ndani ya gari kabla ya kufika Homa Bay, saa kumi na dakika tano. Mokaya alimuuliza daktari kama dakika zile zingemwokoa, naye akasema kwa upole kwamba mapafu yale yalikuwa yamefika mwisho, kwamba ingeweza kuwa siku hiyo au mwezi mwingine, na kwamba hawezi kusema zaidi ya hapo. Familia imemshukuru kwa jibu lake. Mokaya hajaweza kulitumia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Homa Bay waliomhudumia kwa zaidi ya miaka miwili, kanisa lililotushika mkono, majirani waliopika na kuchota maji bila kuhesabu siku, mafundi wenzake waliobaki, ambao wako watatu na wote wamekuja, na Mama Faduma na wanawe waliolifunga duka lao leo Ijumaa, ambayo sote tunajua ni siku yao ya swala. Tunamshukuru Liz, na tunamwambia hakuna alichokosea. Tunamshukuru Bwana Gisiri, ambaye amekuja kuomba msamaha kwetu mara mbili, na mara zote mbili Mokaya amemwambia kwamba anayepaswa kuomba si yeye.

Tunamshukuru pia dereva wa gari lililomleta marehemu kutoka mochari jana alasiri, mgeni katika barabara hii, ambaye alipokaribia alipiga simu kuuliza apinde kona kwenye duka gani. Zamani jibu lilikuwa neno moja na watoto wote walilijua. Jana Mokaya aliiacha simu juu ya kaunta, akatoka, akasimama katikati ya barabara na mikono juu ili gari la kaka yake lijue pa kupinda.

Mosoti, jana jioni ulipokwisha kufika nyumbani, mdogo wako alifunga duka, akachukua kikwaruo na msasa, akaanza kuitoa ile rangi ya chungwa pole pole, kidole kwa kidole, akiamini kwamba kuku yuko chini yake na kwamba leo utabebwa ukipita mbele ya jicho lake. Rangi ya mashine imeshika vibaya. Inang'oka pamoja na iliyo chini, buluu na nyeupe zikishikamana nayo, na alipofika mwisho alikuta plasta tupu. Beverly amesema kwamba ana ile katoni yako iliyolowa, lakini penseli imesambaa, na hajui ulikuwa umeamua kuku atazame wapi.

Pumzika kwa amani, kaka, penye jina lako. Ukuta uko wazi, na wa kuuchora ndiye huyu tunayemzika.